Siku 23 na namba ya koli haionyeshi kitu: BD zangu (vitabu vya katuni) za kwenda Bruxelles ziko wapi?

#1 Mwana_Katuba
Jambo wote. Niko Lubumbashi, Katuba. Nimetuma koli, yaani kifurushi, kwa mnunuzi wa Bruxelles: BD tatu za jalada gumu na matoleo 11 ya Mwana Shaba Junior, gazeti la watoto la kampuni ya migodi, ya mwanzo wa miaka ya 1960. Zote za marehemu babu, alikuwa fundi wa umeme wa kampuni hiyo, Union Minière, na hakutupa hata karatasi ya sabuni.

Mnunuzi alimlipa shemeji yangu wa Liège dola 180. Shemeji amezishika mpaka koli ifike. Nilipitia ajansi moja, sitaitaja. Wana kijana anayevuka mpaka wa Kasumbalesa kila wiki na kutuma kutoka upande wa Zambia. Akaniletea namba: RR206159489ZM.

Kila asubuhi kabla ya chai naiandika kwenye mtandao na jibu ni lilelile, haijulikani. Leo siku ya 23. Mnunuzi kwanza aliuliza kwa nini mtu wa Congo anatuma kutoka Zambia. Jana akaandika "arnaque", yaani utapeli, kwa herufi kubwa tupu. Nimeibiwa, au ndivyo inavyoendaka?

#2 Yaya_Bea
Mudogo wangu, siku 23 ni nini? Mimi nilituma vitenge Lyon, namba ililala miezi miwili, siku ya kuamka ikasema "imekabidhiwa". Katikati hakuna kitu. Kula bukari yako ulale.

#3 Chuma_ya_Likasi
Yaya, vitenge vikipotea unanunua vingine soko la Mzee Kabila. Hizo za babu yake atazinunua wapi?

Mwana Katuba, mie nasema wazi: hiyo koli haikuona posta. Banatumaka ndani ya sanduku ya mtu anasafiri, anafika Ulaya anaitupa kwenye posta ya kule, ikikumbukwa. Namba wanakupatia ni dawa ya kutuliza roho.

#4 Mwalimu_Ruashi
Kabla ya kumhukumu mtu, tuhesabu. Namba hizi za posta zina tarakimu tisa, na ya tisa si ya bahati, inatokana na nane za kwanza. Chukua kalamu. Zidisha kila tarakimu kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9, 7 kwa mfuatano huo.

Yako: 2×8 ni 16, 0×6 ni 0, 6×4 ni 24, 1×2 ni 2, 5×3 ni 15, 9×5 ni 45, 4×9 ni 36, 8×7 ni 56. Jumla 194. Gawa kwa 11, inabaki 7. Toa 7 kwenye 11, unapata 4.

Tarakimu yako ya mwisho ni 9. Namba ulivyoiandika hapa haiwezi kutoka posta yoyote duniani.

#5 Chuma_ya_Likasi
Njo nilisema! Aksanti mwalimu. Fungeni uzi.

#6 Mwana_Katuba
Ngoja kwanza, usifunge. Nimeitafuta ile karatasi. Kijana aliandika kwa mkono nyuma ya kipande cha pakiti ya sigara, na 4 yake na 9 yake ni mapacha. Nimejaribu ile ya kuishia 484. Bado haijulikani.

#7 Mwalimu_Ruashi
Nimejaribu na mimi kugeuza kila 9 kuwa 4 na kila 4 kuwa 9. Mchanganyiko mmoja tu unakubali hesabu, nao ni 206159484. Kwa hiyo huenda kijana hakubuni, aliandika vibaya tu. 

Lakini hesabu inakuambia tu kwamba namba imeumbwa sawasawa. Haikuambii kama kuna mtu ameibandika juu ya koli.

#8 Chuma_ya_Likasi
Mwalimu umegeuka haraka kama kofia ya mwanasiasa.

#9 Motari_wa_Birere
Salamu kutoka Goma. Hilo swali la mnunuzi, "kwa nini Zambia", sisi tunalijua kwa sura nyingine. Uwanja wetu wa ndege ulifungwa Januari 2025, ndipo wenye kutuma vitu tukaanza kuvuka hadi Gisenyi, na namba inaishia RW. Mnunuzi wa Montréal aliniuliza kama nimehama nchi.

Sasa kabla ya kupokea hata faranga namwambia: mimi niko Goma, koli itapita Rwanda, namba itaishia RW, ukiona herufi hizo usishtuke. Ukisema mwanzo ni maelezo. Ukisema baada ya kuulizwa inakuwa kujitetea. Hapo ndipo ulipoteleza, kaka, mengine ni ya barabarani.

#10 Kalenga_wa_Duane
Nimefanya kazi ya deklara, kujazia watu karatasi za forodha, Kasumbalesa miaka tisa, sasa nauza mbuzi, nina amani. Nyote mnaongea namba. Hakuna aliyeuliza swali la kwanza: kwenye ile fomu ndogo ya duane (forodha) ULIANDIKA NINI?

#11 Mwana_Katuba
Kijana aliniuliza ndani ni nini. Nikamwambia aandike "antiquités de collection, 180 USD", yaani vitu vya kale vya mkusanyo. Niliona inapendeza, mnunuzi aone ni kitu cha thamani.

#12 Kalenga_wa_Duane
Ee Mungu.

Baba, sikiliza. Afisa anakaa mbele ya mifuko mia mbili, hana muda wa kujua babu yako ni nani. Akisoma "antiquités" kutoka huku kwetu anaona kinyago. Anaona sanamu ya Waluba. Koli inatolewa pembeni, kwenye rafu ya "tutaangalia". Kuna sheria yetu ya 15 Machi 1971 juu ya mali za utamaduni, na hata asiyewahi kuisoma anajua kwamba ipo. Na nchi ya kupitia nayo haitaki matatizo ya jirani.

Tena hata kwa vitabu vya ushuru umekosea. Kitu cha kale ni fungu 9706, na kinatakiwa kiwe na zaidi ya miaka 100. Gazeti la babu yako halijafika huko. Vitabu ni 4901, magazeti 4902, vitabu vya picha vya watoto 4903. 9705 ni ya mikusanyo, na hapo watu wanabishana mpaka jua linazama. Ungeandika "vitabu vya katuni vilivyotumika, 14", basi. Ingepita kama mchele.

Mimi nasema koli ipo, imekaa kwenye rafu.

#13 Mjomba_wa_Liège
Mzee Kalenga, kwa upande wa kutoka sibishi. Kwa upande wa kuingia huku, hapana. Kuna kanuni ya Ulaya juu ya mali za utamaduni, imeanza kutumika kamili 28 Juni 2025, lakini vitu vya kawaida visivyochimbwa ardhini inavigusa vikipita miaka 200 na thamani ya euro 18,000. Mwana Shaba Junior haimo hata kwa kuchungulia.

Kinachokwamisha koli huku ni kingine. Tangu 1 Julai 2021 kila kitu kinachonunuliwa nje ya Umoja wa Ulaya kinalipiwa TVA, kodi ya ongezeko la thamani, kuanzia euro ya kwanza. Ubelgiji kitabu ni asilimia 6, si nyingi, lakini msafirishaji anaongeza ada yake ya kazi, na hapo mnunuzi ananuna. Nimeona watu wanaacha koli irudi kwa sababu ya euro ishirini, halafu wanamwandikia muuzaji "sijapokea kitu".

Muulize mnunuzi kwa upole: hakuna karatasi au ujumbe wa kulipa uliofika kwake?

#14 Kalenga_wa_Duane
Mjomba, koli haijaonekana hata Zambia, wewe umeshaifikisha Ubelgiji na kuitoza kodi.

#15 Mjomba_wa_Liège
Haijaonekana KWENYE MTANDAO, mzee. Hayo ni mambo mawili. Soma #2.

#16 Yaya_Bea
Aksanti. Mtu mmoja amenisoma.

#17 Fundi_Kartoni
Mimi nauliza uzito. Namba ya RR ni ya barua iliyosajiliwa, na mwisho wake ni kilo 2. Koli halisi inaanzaga na C, ya haraka inaanza na E. BD tatu za jalada gumu na magazeti 11, hiyo ni kilo 2 kweli?

#18 Mwana_Katuba
Nilipima kwa muuza maharage. Kilo 3 na gramu 400.

#19 Chuma_ya_Likasi
Nimerudi. Fungeni uzi mara ya pili.

#20 Mjomba_wa_Liège
Tena ngoja. Vitabu na machapisho vinaweza kufika kilo 5 katika aina hiyo ya barua, pale posta husika inapokubali. Fundi amesema kweli kwa vitu vingine, si lazima kwa vitabu. Au kijana aligawa mzigo mara mbili akakupa namba ya nusu.

#21 Fundi_Kartoni
Sawa, nimekubali kwa vitabu. Lakini kama aligawa, basi alifungua. Kama alifungua, alifunga vipi? Wewe mwenyewe ulifunga vipi, kwanza?

#22 Mwana_Katuba
Nilizungushia magazeti, nikaweka kwenye mfuko wa plastiki, skochi nyingi sana, ule utepe wa gundi, kisha kartoni ya biskuti.

#23 Fundi_Kartoni
"Skochi nyingi sana." Basi hata ikifika, haijafika.

Mtu anayekusanya BD anaangalia pembe kabla hajaangalia hadithi. Wamarekani wana kampuni inaitwa CGC, tangu 2000 kazi yake ni kupima hali ya BD, kutoka 0.5 mpaka 10, halafu wanaifungia ndani ya plastiki ngumu kama maiti ya mfalme. Mkunjo mdogo kama ukucha unashusha alama. Mbelgiji hafungii BD zake, lakini jicho lake ni lilelile.

Mimi nafanya hivi. Kila kitabu ndani ya mfuko wake mwembamba, mdomo nakunja nyuma, skochi inagusa mfuko peke yake, haivuki kuja kwenye karatasi. Kisha vipande viwili vya kartoni, kimoja mbele kimoja nyuma. Tazama mistari ya ndani ya kartoni, ile mifereji. Cha mbele mifereji isimame, cha nyuma ilale. Vikikutana havikunjiki upande wowote, jaribu na goti lako uone. Kartoni izidi kitabu kwa vidole viwili kila upande, ili ikianguka kwa pembe iumie kartoni. Nafunga kama kitabu kimekaa katikati ya mkate, ndipo naingiza ndani ya boksi na kujaza pembeni mpaka nikitikisa sisikii kitu. Nikisikia "tok", naanza upya.

Na gazeti la kuzungushia acha. Wino wake unahamia.

#24 Kivu_Mvua
Bukavu hapa. Fundi umesahau unyevu. Kwetu mvua inaingia hadi ndani ya sanduku la chuma. Pini za katikati zinapata kutu, kutu inakula karatasi, unabaki na kurasa mbili zinazoitana kwa mbali. Mimi naweka mchele kidogo ndani ya soksi, unanyonya maji.

#25 Fundi_Kartoni
Mchele?! Unamtumia mnunuzi fukusi!

#26 Kivu_Mvua
Mchele wa kukaanga kwanza, bwana. Bila mafuta.

#27 Yaya_Bea
Uzi umefika jikoni, sasa naelewa kila kitu. Kuna vile vipakiti vidogo vya chumvi-chumvi vinavyokaa ndani ya boksi la viatu vipya. Nenda kwa wauza viatu, wanavitupa.

#28 Kivu_Mvua
Hilo ni jema, yaya. Swali lingine: pini yenye kutu nibadilishe? Mnunuzi mmoja alinikataza.

#29 Mzee_wa_Terili
Alikukataza vizuri. Pini mpya ni kama jino la dhahabu kwa bibi, kila mtu analiona. Waache na kutu yao, iseme kwenye tangazo.

Nimesoma kimya tangu juu. Mwana Katuba, nakuuliza jambo ambalo hutalipenda. Umesema "mwanzo wa miaka ya 1960". Nani alikuambia?

#30 Mwana_Katuba
Mama. Na babu alianza kazi 1958, mzee.

#31 Mzee_wa_Terili
Mama hajakosea kuhusu babu. Gazeti lina ushahidi wake lenyewe. Mwana Shaba ya wakubwa ilianza 1957, ya watoto ilikuja nyuma yake. Ukiona jina Union Minière kama mwenye gazeti, uko kabla ya 1 Januari 1967, siku serikali ilipoichukua kampuni. Baadaye ikawa Gécomin, kisha Gécamines. Ukiona Elisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, uko 1966 au kabla yake. Na tazama bei. Kama bei ni makuta, senti za pesa ya zaire, ni baada ya Juni 1967, pesa hiyo ilipochukua nafasi ya faranga. Hakuna gazeti la 1962 lililouzwa kwa makuta, hata kama mama yako ameapa.

Na zile za jalada gumu, usisome mwaka wa mbele. BD nyingi za Kibelgiji zilichapwa upya mara nyingi na mwaka wa mbele unabaki uleule. Geuza kitabu, soma orodha ya nyuma ya vitabu vilivyokwisha kutoka. Kama orodha ina kitabu cha 1973, hicho ulichoshika hakikuchapwa 1964.

#32 Mwana_Katuba
Mzee, picha ninazo kwenye simu. Nimezikuza sasa hivi.

Manne kati ya 11 yana K kwenye bei.

#33 Mzee_wa_Terili
K ndiyo makuta.

#34 Chuma_ya_Likasi
Kwa hiyo mnunuzi ameibiwa lakini bado hajui. Hii ni nzuri.

#35 Mwana_Katuba
Sikujua! Nitamwandikia.

#36 Motari_wa_Birere
Mwandikie leo, kabla koli haijafika. Rudi kwenye #9.

#37 Mtoto_wa_Kamalondo
Mimi najiuliza tofauti. Kwa nini tunauza Mwana Shaba kwa wazungu? Hayo ni magazeti ya baba zetu. Mjini tuna Makumbusho ya Taifa. Kesho mjukuu wako atalipa ndege kwenda Bruxelles kusoma gazeti la babu yako.

#38 Chuma_ya_Likasi
Mjukuu wake atalipa ndege na nini, kama hatuuzi?

#39 Mjomba_wa_Liège
Kamalondo ana haki lakini si yote. Vile vijitabu vya Papa Mfumu'eto wa Kinshasa, vya Kilingala, vya miaka ya 1990, vilivyouzwa barabarani na kuchanika kwa mikono ya watu kumi kila kimoja: nyaraka zake leo ziko Chuo Kikuu cha Florida. Unaweza kulia. Unaweza pia kuuliza ngapi zingebaki kama zingekaa Kinshasa chini ya kitanda.

#40 Mtoto_wa_Kamalondo
Zingebaki kama mtu angenunua kabati. Hatukujaribu, tumeanza na Florida.

#41 Mwana_Katuba
Kaka, nilipiga picha kila ukurasa kabla ya kutuma. Kurasa zote za matoleo 11, kwa simu, mchana, nje kwenye mkeka. Mchwa walishakula matoleo mengine sita, ndiyo maana niliuza. Ukitaka picha nitakupa bure.

#42 Mtoto_wa_Kamalondo
Nataka. Samahani kwa ukali.

#43 Mwana_Katuba
Habari za leo, na mnisaidie kufikiri.

Moja, kijana amepokea simu. Anasema koli iko Ndola, kule Zambia, inangoja mfuko wa posta ujae. Nikamwambia nitumie picha ya risiti. Akasema risiti iko kwa mkubwa wake, na mkubwa wake yuko kwenye kilio Kitwe.

Mbili, nilimwandikia mnunuzi kuhusu makuta. Hakukasirika, amesema ataomba kupunguziwa dola 30. Halafu akaongeza kwa mkato: wiki iliyopita alipata ujumbe wa simu kwamba kuna koli yake, alipe euro kadhaa kwenye kiungo. Akaona ni wezi, akaufuta.

#44 Mjomba_wa_Liège
SI NILISEMA!

#45 Mwalimu_Ruashi
Taratibu. Ujumbe wa namna hiyo ni mtego maarufu wa wezi wa mtandao, watu wanaupata hata kama hawajaagiza kitu. Na kama koli iko Ndola inangoja mfuko, haiwezi kuwa inadai kodi Bruxelles. Mmoja kati ya kijana na ujumbe anasema uongo.

#46 Chuma_ya_Likasi
Au wote wawili.

#47 Kalenga_wa_Duane
Au hakuna. Kama aligawa mara mbili, nusu iko Bruxelles na nusu iko rafuni. Kijana anaongea juu ya nusu moja, simu inaongea juu ya nyingine. Nimeona hivyo na matairi.

#48 Fundi_Kartoni
Mnunuzi aende mwenyewe posta ya mtaa wake na kitambulisho, aulize kwa jina. Asibonyeze kiungo chochote. Ajaribu na namba ile ya 484, si ya 489.

#49 Mwana_Katuba
Nimemwambia. Ataenda Jumatatu. Mimi Jumamosi nashika basi la saa kumi na mbili asubuhi kwenda Kasumbalesa, nisimame mbele ya huyo kijana mpaka anionyeshe risiti au huo msiba.

#50 Yaya_Bea
Basi kwa kuwa unaenda, niletee unga wa mahindi wa upande ule, mfuko wa kilo 25. Nitakulipa kwa M-Pesa. Na uandike namba yangu mwenyewe, usimpe yule kijana akuandikie.